Mzigo wa Nyuma: Tarikhi ya Breki za Matela katika Njia ya Mbarara

Mji wa Mbarara haukupata reli. Ile njia ya chuma iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa ziwa huko Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, ikaingia Kampala mwaka 1931, na hatimaye ikaishia Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliuacha mji huu wa Uganda mbali upande wa kusini, pamoja na nchi yote ya Ankole na ng'ombe wake wa pembe ndefu, na milima ya Kigezi, na njia zielekeazo Rwanda. Na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya chumvi, mafuta ya taa, mabati ya kuezekea na nguo zilizopata kuuzwa katika maduka ya mji huu ilifika juu ya magurudumu ya mpira, kwanza katika lori moja moja, na baadaye katika lori lililofungiwa tela nyuma yake. Waliokwisha kuandika habari za Mbarara wameandika juu ya wafalme wa Ankole, na mapatano ya mwaka 1901 baina yao na Waingereza, na kambi ya askari, na vita. Nami nakiri kuwa yote hayo yalistahili kuandikwa. Lakini naona imesahauliwa elimu moja iliyoulisha mji huu tangu gari la kwanza la mizigo lilipopanda vilima vyake, nayo ni elimu ya kuuzuia mzigo wa nyuma usimwangamize aliye mbele.

Mtu wa kale aliyechukua mzigo kichwani hakuwa na haja ya elimu hiyo, kwa kuwa alipotaka kusimama alisimama, na mzigo ukasimama naye. Haja ilizaliwa siku ile mzigo ulipowekewa magurudumu yake mwenyewe. Wakati wa kupanda kilima, anayevuta ndiye mwenye amri, na kitu kinachovutwa humfuata kwa utii. Wakati wa kushuka, amri hugeuka, na kile kilichokuwa kikivutwa huanza kusukuma, na kadiri kilivyo kizito ndivyo kinavyosukuma kwa nguvu zaidi. Wale waliopitisha magari ya ng'ombe katika barabara ya Mackinnon na Sclater, iliyokatwa miaka ya 1890 kutoka Mombasa kuelekea mpaka wa Uganda, iliwapasa kujua hivyo kabla ya kujua jambo lingine lolote. Na hata leo hamali wa Mombasa au wa Nairobi mwenye mkokoteni huifahamu kanuni hiyo kwa mwili wake, kwani hupigilia kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu nyuma ya mkokoteni, na afikapo mteremkoni huinua mikono ya mbele ili kile kipande kisugue ardhi na kula mwendo. Hiyo ni breki kamili. Haina upepo wala mafuta, lakini ina jambo kubwa ambalo magari mengi ya fahari yalilikosa kwa muda mrefu, nalo ni kwamba imefungwa kwenye mzigo wenyewe, si kwa yule anayeuvuta.

Hekima hiyo ilithibitishwa katika ulimwengu wa reli kwa gharama ya roho za watu. George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki yake ya upepo mwaka 1869, lakini breki hiyo ya kwanza ilikuwa na ila: upepo ulisukumwa kutoka kichwa cha treni ili kufunga magurudumu ya mabehewa, na bomba likikatika hapakuwa na upepo tena wala breki tena. Miaka michache baadaye aliligeuza jambo zima juu chini, akaweka tangi dogo la upepo katika kila behewa, na akafanya upepo uliomo katika bomba uwe ndio unaozizuia breki zisishike; bomba likipasuka, au behewa likijitenga, upepo hupungua na behewa hujifunga lenyewe. Si wote waliomsikiliza. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh nchini Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule waliokuwa wakienda matembezini ilishindwa kupanda mlima, mabehewa ya nyuma yakatengwa, na kwa kuwa breki zake zilikitegemea kichwa, yalirudi nyuma mteremkoni yakagonga treni iliyokuwa ikifuata, wakafa watu 80. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba treni za abiria sharti ziwe na breki zinazojifunga zenyewe. Ninaieleza habari hii ya mbali kwa sababu kila tela linalopita Mbarara leo limebeba ndani ya valvu zake kanuni ileile, na kila fundi anayeivunja kanuni hiyo kwa waya na kipande cha mpira huirudisha Armagh katika vilima vya Kigezi.

Magari ya kwanza ya mizigo yaliyokuja Ankole hayakuwa na mambo haya. Katika miaka ya 1920 na 1930 bidhaa nyingi zilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu hadi bandari ya Bukakata, zikapakiwa kwenye malori madogo, zikapitia Masaka hadi Mbarara kwa barabara ya changarawe. Na bati lililochimbwa Mwirasandu, humohumo Ankole, lilirudi kwa njia hizohizo za magurudumu. Breki za malori ya zama zile zilivutwa kwa fito za chuma na nyaya, na hazikuwa zikivuta sawasawa, maana fito moja ikinyooka zaidi ya mwenziwe gari huvutwa upande. Na vumbi la mwezi wa Julai na tope la mwezi wa Novemba viliingia mlemle. Kwa hiyo palihitajika mtu wa pili. Huyu ndiye taniboi, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita utingo, kijana akaaye juu ya mzigo, mwenye kabari ya mti mkononi, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka chini gari linapoanza kurudi nyuma na kuitia kabari ile chini ya gurudumu kabla gurudumu halijapata mwendo. Aliyechelewa alipoteza gari, na aliyejikwaa alipoteza mguu. Sijaona sanamu wala jiwe la ukumbusho la taniboi katika mji wowote wa Afrika Mashariki, ingawa biashara ya nchi kavu ilisimama juu ya wepesi wa miguu yake.

Vita Vikuu vya Pili vilileta barabara na magari. Huko Kenya wafungwa wa Kitaliano walijenga ile njia iteremkayo Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, wakaacha kando yake kanisa dogo ambalo bado limesimama. Na malori ya jeshi yaliyouzwa vita vilipokwisha yaliingia mikononi mwa wafanyabiashara. Tokea hapo tela likaanza kuwa jambo la kawaida, na pamoja na tela zikaja breki za upepo, na pamoja na breki za upepo ikaanza elimu ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa sehemu yake iliyoandikwa ni ndogo, na iliyobaki imekaa vifuani mwa watu.

Kati ya kichwa cha gari na tela hupita mipira miwili ya upepo. Mmoja, ambao aghalabu ni mwekundu, hujaza tangi la akiba la tela. Wa pili, ambao katika magari ya asili ya Ulaya ni wa manjano, huchukua amri ya mguu wa dereva. Mguu ukikanyaga, upepo wa amri hufungua valvu, upepo wa akiba huingia katika busta, yaani kopo la chuma lenye ngozi ya mpira ndani yake, busta husukuma mkono wa chuma, mkono huzungusha mti wenye kichwa cha mkunjo, na kichwa hicho hutanua shuu za breki zikabana dramu kwa ndani. Mwekundu ukikatika, tela hujifunga lenyewe. Na matela yaliyokuja baadaye yakaongezewa springi kali ndani ya busta, ambayo upepo ndio unaoibana isishike, ili upepo ukiisha kabisa springi ishike na gari lisiende popote. Mtu akiifahamu habari hii fupi amekwisha kufahamu nusu ya maradhi yote ya breki za tela, maana kila ugonjwa ni mahali fulani katika njia hiyo ambapo upepo umepotea, au umezuiwa, au umefika lakini chuma hakikutii.

Taniboi wa zamani hakuanza kwa kufungua kitu. Alianza kwa masikio. Injini ikizimwa na dereva akashikilia mguu juu ya breki, taniboi alitembea taratibu kuanzia kiungo cha mbele hadi mhimili wa mwisho akisikiliza mlio wa upepo unaotoroka, na aliposhuku mahali alipaka povu la sabuni, na povu likichemka ugonjwa umeonekana. Mlio unaosikika wakati mguu uko juu ya breki, na kunyamaza mguu unapoondolewa, humwambia ya kuwa kasoro iko katika mpira wa amri au katika ngozi ya busta. Mlio usionyamaza hata mguu ukiondolewa humwambia atafute katika tangi, katika mpira mwekundu, au katika valvu isiyokaa kitako. Kisha alifungua koki iliyo chini ya tangi ili maji yatoke. Jambo hili madereva wa bara hulidharau, lakini gari litokalo Mombasa huvuta hewa yenye unyevu mwingi wa bahari, na hewa hiyo ikibanwa na kupoa huacha maji, na maji yakichanganyika na mafuta ya kompresa huwa uji mweupe unaoziba valvu. Tangi lililojaa maji nusu lina upepo nusu, ilhali geji iliyo mbele ya dereva huonyesha shinikizo kamili, wala haisemi wingi wa upepo.

Lakini elimu yake iliyo bora ilikuwa katika mkono. Baada ya mteremko mrefu gari lilisimamishwa mahali tambarare, na taniboi akapita gurudumu kwa gurudumu akisogeza mgongo wa kiganja karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, pasipo kuigusa, kupima joto lake. Mtu asiyejua angedhani kwamba gurudumu la moto ndilo bovu. Mara nyingine ni hivyo, endapo moja lina moto kupita wenzake wote na lanuka, kwa maana breki yake haikuachia. Lakini lile la kuogopwa zaidi ni gurudumu baridi, kwa kuwa gurudumu lililoteremka mlima mzima likabaki baridi halikufanya kazi yoyote, na sehemu yake ya mzigo imebebwa na ndugu zake. Basi taniboi hulala chini ya gurudumu hilo baridi, akaushika ule mkono wa chuma wa busta na kuuvuta: ukisogea sana kabla ya kukaza, shuu zimelika na breki yataka kukazwa kwa spana, usiposogea kabisa, mti wake umeshikwa na kutu, na ukisogea sawasawa lakini dramu ina weusi wa mafuta yanayong'aa, basi sili ya habu imekufa, mafuta yameingia kwenye shuu, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha shuu zote mbili, wala si kuzipangusa kwa petroli kama wafanyavyo wenye haraka.

Joto hilo si jambo la kuchezea. Gari na tela lake zikiwa na uzani wa tani 50, zikashuka kimo cha mita 500 tu, na breki zikaachiwa kazi yote peke yake, nguvu inayogeuka kuwa joto ndani ya dramu yatosha kuchemsha zaidi ya lita 700 za maji baridi. Dramu ikipata moto hutanuka, ikajitenga na shuu. Shuu nazo zikipata moto hupoteza uwezo wa kushika. Na dereva huhisi mguu wake ukienda mbali zaidi na zaidi kwa faida ndogo na ndogo zaidi. Wenyeji wa njia husema breki zimefeli. Mara nyingi hazikukatika wala hazikuvunjika: zilichoshwa, na zilichoshwa kwa sababu dereva alichagua gia kubwa kileleni, ilhali kanuni ya wazee ilikuwa kuteremka kwa gia ileile ambayo ungeipandia.

Fauka ya hayo kuna suala la nani aanze kushika. Kichwa kikishika mapema kuliko tela, tela hukisukuma kutoka nyuma, na barabara ikiwa na utelezi gari hujikunja katikati kama kisu cha kukunja, tela likaja kukipiga kichwa ubavuni. Tela likishika kwa nguvu mno kupita kichwa, magurudumu yake hufungana, hulika upande mmoja, na mkia hupepea. Yapasa tela litangulie kushika kwa nukta ndogo, lijivute nyuma na kukinyoosha kiungo. Kulijaribu hilo, wazee walikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu mahali tambarare, wakavuta breki ya tela peke yake kwa mkono, wakasikiliza kwa kiti na kwa mgongo kama tela limewashika. Na kabla ya yote walihakikisha kuwa ile mipira miwili haikufungwa kinyume. Kwani tela la zamani lisilo na springi ya usalama, likiwa limekaa siku nyingi upepo wake ukaisha, mipira yake ikipishana laweza kukokotwa likatoka uwanjani bila breki hata moja, na dereva asitambue mpaka afikapo mteremko wa kwanza.

Elimu hii ilifika Mbarara kwa Kiswahili. Runyankore ndiyo lugha ya nchi, na Luganda ndiyo lugha ya biashara nyingi za Uganda, lakini malori yalitoka pwani na watu wake walikuwa na lugha ya pwani, nayo ikakaa katika gereji kama ilivyokaa katika kambi za askari. Naitaja habari hii kwa heshima, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba lugha hii huku Uganda ilikuwa ya bunduki tu. Wangesimama kando ya lori bovu wakati wowote wangeisikia ikifanya kazi ya amani.

Kisha zikaja nyakati mbaya. Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliamuru Waasia waondoke nchini, na pamoja nao wakaondoka wengi wa wenye maduka ya vipuri na wenye karakana; mwezi uliofuata wapinzani wa Amin waliingia kutoka Tanzania wakaishambulia Mbarara, wakashindwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na mizigo mingi ikazidi kuhamia barabarani. Mwezi wa Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Masaka na Mbarara, na miji hiyo miwili ikabomolewa vibaya. Katika miaka hiyo sili ya habu ilikuwa kitu cha magendo kama sukari. Hapo ndipo ilipoota mizizi tabia moja ambayo naichukia kwa moyo wote, ingawa sina ulimi wa kuwalaani walioianza kwa dhiki: ngozi ya busta ikipasuka na nyingine isipatikane, fundi aliukunja mpira uendao kwenye busta hiyo, akaufunga kwa utepe wa tyubu, ili upepo usipotee na magurudumu mengine yaendelee. Gurudumu moja likaachwa bila breki. Safari ya pili likawa la pili. Mwisho palikuwa na matela yaliyokokotwa mamia ya kilomita hayana breki hata chembe, yakitegemea kichwa peke yake, na springi za usalama zimefungwa kwa bolti ili zisisumbue. Vipuri vilirudi baada ya amani kurudi. Tabia haikuondoka pamoja na dhiki.

Makumi machache ya kilomita kutoka Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, iko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Waliwafuata wengine: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, hata idadi ikapita laki moja. Chakula cha msaada hufika huko kwa malori, kwa barabara ya vumbi ishukayo baina ya vilima kuelekea ziwani. Kwa hiyo breki ya tela imekuwa sehemu ya riziki ya watu ambao hawana gari. Lakini Nakivale haikupokea tu, ilitoa pia. Waliokimbia kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, walikuja na mikono iliyojifunza ufundi katika barabara mbaya kuliko zetu. Wao ndio watu wa chukudu, lile baiskeli la mti lisilo na kanyagio ambalo vijana wa Goma hubebea magunia ya viazi na makaa kutoka milimani, na breki yake ni kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa mguu. Ni hekima ileile ya mkokoteni wa Mombasa, iliyopatikana upande wa pili wa bara. Na wale wa Burundi wanaikumbuka barabara iteremkayo kutoka Bugarama hadi Bujumbura, ambako waendesha baiskeli hupandia milima kwa kushikilia mikia ya malori. Wao hawahitaji kufundishwa maana ya mzigo wa nyuma.

Baadhi ya watu hawa wamehamia mjini, na ukipita mitaa ya Nyamityobora utakisikia Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira kikijibizana na Runyankore. Nilimtazama fundi mmoja wa huko, Mkongo wa makamo, akifanya kazi chini ya tela la mihimili mitatu. Alikuwa na nyundo ndogo, spana mbili, kopo la sabuni ya unga iliyokorogwa, na kipande cha ubao cha kulalia. Aligonga kila dramu kwa nyundo na kuinamisha kichwa: dramu nzima ililia kwa sauti ndefu, na moja katika mhimili wa nyuma ilijibu kwa sauti fupi iliyokufa. Akaweka alama ya chaki. Ilipovuliwa, ufa mwembamba ulionekana kuanzia ukingoni hadi karibu na matundu ya bolti. Mwenye gari alitaka irudishwe ili afike Kabale kwanza. Fundi akamjibu kwa upole, akimwita mzee, ya kuwa ile dramu itafungwa kwa mikono ya mtu mwingine, si kwa mikono yake. Kisha akakaa kitako kusubiri, na mwenye gari akatoa pesa za dramu nyingine.

Uthabiti wa namna hiyo ndio uliokosekana mahali pengi. Katika njia hiyohiyo itokayo Mombasa, nchini Kenya, kati ya Mau Summit na Salgaa, kuna mteremko mrefu ambao umekuwa makaburi. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Na alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, basi na lori yaligongana wakafa watu 36. Sababu za ajali hutofautiana, na si haki kuzitia zote katika kapu moja. Lakini sehemu ile imejulikana miaka mingi kwa ubaya wa madereva kuachia gari literemke pasipo gia ili kubana mafuta, na kwa breki zinazoshindwa kabla ya kufika chini. Gari la tangi lina hatari yake zaidi, kwani mafuta yaliyojaa nusu hukimbilia mbele dereva anaposhika breki, na kuongeza msukumo palepale anapouhitaji upungue. Tangu bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, matangi mengi yaendayo Uganda na Rwanda hupakiwa huko. Hayatoki tena Mombasa, lakini milima ya Kigezi yangali mbele yao.

Yako matela ya namna nyingine pia, madogo na ya starehe. Wasafiri wa Kizungu waendao Ziwa Mburo au mbuga ya Queen Elizabeth mara chache hupita wakikokota karavani, yaani nyumba ndogo yenye kitanda na jiko. Breki zake ama husukumwa na tela lenyewe, likijibana kwenye kiungo gari la mbele linapopunguza mwendo, ama, kwa zile za Kimarekani, huvutwa na sumaku ya umeme iliyomo ndani ya dramu. Maradhi yake ni ya ukoo uleule. Ile ya kusukumwa hushikwa na kutu katika chuma chake kitelezacho, na dawa yake ni grisi. Ile ya umeme aghalabu huugua katika waya wa ardhi au katika plagi iliyoingia vumbi, na msafiri hubadilisha sumaku nne kwa gharama kubwa ilhali kilichotakiwa ni kukwangua kutu mahali waya unapokutana na fremu. Fundi wa Nyamityobora asiyepata kulala ndani ya karavani hata usiku mmoja huanza hapohapo penye waya wa ardhi.

Siku hizi kuna sheria ya mwaka 2013 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa inayoweka mwisho wa uzani kuwa tani 56, na mizani ya Mbarara ni mojawapo ya mizani za barabarani zinazopima magari. Mizani hujua uzito. Haijui kama gurudumu la mhimili wa tatu ni baridi. Matela mengi yanunuliwayo yakiwa yametumika Ulaya huja na vifaa vya umeme vya kuzuia magurudumu yasifungane, lakini waya wake huning'inia bila kuunganishwa, kwa kuwa kichwa kilichonunuliwa mahali pengine hakina tundu la kuipokea. Tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022 mpaka wa Gatuna, ulio kati ya Uganda na Rwanda, ulipofungwa, malori ya Rwanda yalielekezwa Kagitumba kupitia Mirama Hills, yakaikwepa milima ya Kabale. Mpaka ulipofunguliwa, mlima wa Rwahi katika njia ya Kabale, pamoja na kona zake, ukarudi kuwa mtihani wa madereva, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliojifunza kazi katika miaka hiyo mitatu na hawakupata kuuteremka mlima ule wakiwa na tela.

Wangali hai wazee walioteremka mlima huo kabla ya lami. Baadhi yao wanakaa Mbarara, wengine Masaka, wengine wamerudi pwani. Ningependa chuo kimoja cha ufundi, au hata msikiti au kanisa lenye kijana mwenye kalamu, kiwatafute na kuwauliza mambo mahususi: kabari ilichongwa kwa mti gani na kwa nini mti huo, mwaka 1979 sili ilikatwa katika ngozi ya mnyama gani ikadumu safari ngapi, ni kona ipi waliyobadilishia gia kabla ya kufika kileleni, na ni nani aliyewafundisha kuogopa gurudumu baridi.